Nyuma Kidogo ya Mapigo

4 Februari

Mume wangu Kobe,

Mama yako anasema barua isiyo na salamu ni sawa na mtu kuingia ndani bila kubisha. Basi hodi. Sisi ni wazima. Mama mguu wa kushoto unamsumbua asubuhi, ukishapata jua unatulia. Mimi sina ugonjwa ila ule mmoja, na unaujua.

Bahasha yako imefika jana. Niliipokea nikiwa na pini mdomoni, mteja kasimama juu ya kigoda na gauni lake nusu limeshikizwa, nusu linaning'inia. Nikamwambia anisubiri. Nikafungua, ndani kanda moja. Nikaitikisa bahasha, nikaipindua ndani nje kama mfuko wa suruali. Hakuna karatasi. Miezi saba tangu uondoke, Kobe, na unaniletea kitu ambacho hata "hujambo" hakina!

Nikajipa moyo kwamba maneno utakuwa umeyasema humo kwenye kanda. Mteja alipoondoka, mimi na Mama tukakaa mbele ya redio kaseti kama watu wanaongoja taarifa ya habari. Ikaanza ngoma, inasikika kama mtu anafagia sakafu. Ikaja piano. Ukaja wewe. Tukangoja mwimbaji aanze. Tukangoja. Upande wa kwanza ukaisha. Mama akaniuliza, "Mwimbaji wao siku hiyo hakuja kazini?" Nikageuza upande wa pili. Huko nako hakuja.

Jazi ninayoijua mimi ni ile ya bendi za dansi. Magitaa yanalia, mtu anaimba kisa chake, na mpaka wimbo uishe unajua nani kamwacha nani na kwa sababu gani. Hii yako haisemi. Inazunguka, inapanda, inashuka, halafu inaisha na mimi bado nauliza, kwa hiyo ikawaje?

Sikulaumu kwa kwenda. Nilikufungia sanduku kwa mikono yangu, na soksi nikazikunja. Lakini aliye mbali inabidi aseme. Niambie chumba chako kikoje, nani anakufulia mashati, unanikumbuka saa ngapi. Saksafoni haiwezi kunijibu hayo.

Nimekukumbuka sana. Nimeshaandika, sifuti.

Mkeo,
Sindano


19 Februari

Mke wangu Sindano,

Umenichoma, na jina nilikupa mwenyewe, kwa hiyo nitamlaumu nani.

Chumba changu kiko ghorofa ya pili. Dirisha linatazama ukuta wa kiwanda cha sabuni, kwa hiyo sioni mtu lakini nanukia vizuri. Mashati nafua mwenyewe. Kupiga pasi nimefundishwa na jirani yangu, mzee mmoja aliyestaafu bendi ya jeshi. Kila mtu hapa anamwita Sajenti. Naye anapuliza saksafoni. Saa sita kamili mchana ananigongea mlango twende tukale. Si saa sita na dakika moja. Ukitaka kurekebisha saa yako, mngoje Sajenti agonge.

Tunapiga kwenye ukumbi wa chai wa hoteli, saa kumi hadi saa moja jioni. Tuko wanne: piano, besi, ngoma, na mimi. Watu wanakunywa chai, wanasoma magazeti, hawatutazami. Lakini juzi mama mmoja aligeuza ukurasa wa gazeti nusu, akaushikilia hewani mpaka nilipomaliza, ndipo akaulaza. Nilifurahi kuliko kupigiwa makofi.

Sasa nikufundishe kusikiliza. Hakuna mwimbaji kwa sababu kila chombo kinaimba, na hakuna anayesema kisa kwa sababu kila mmoja ana chake. Usijaribu kuwasikia wote pamoja, utachoka kama mtu anayesuluhisha majirani kumi. Mshike mmoja. Siku ya kwanza mshike wa besi, lile gitaa kubwa la kusimama linalompita mpigaji kimo. Sauti yake iko chini kabisa, inatembea, haikimbii, haikai. Ukishampata, lala naye upande mzima wa kanda. (Usimsomee Mama sentensi hiyo.) Siku ya pili mshike wa ngoma. Yale unayoita kufagia ni brashi za waya. Wa tatu piano. Mimi niache wa mwisho.

Kisha utaona hivi. Mwanzo tunaupiga wimbo ulivyo, msikilizaji ajue nyumba iko wapi. Halafu kila mmoja anatoka kwa zamu yake, anatembea anakotaka, anabuni hapo hapo, kesho hawezi kurudia vile vile hata ukimshikia bunduki. Waliobaki wanaitunza nyumba ili akirudi aikute. Mwisho tunaupiga tena kama mwanzo, na sote tumo ndani.

Sikiliza wimbo wa tatu upande wa kwanza. Unakumbuka ile Jumapili ya mvua, ulikuwa unapiga pindo za mapazia na mimi nimekaa kwenye kiti changu cha pembeni? Cherehani yako ilikwenda, ikasimama ulipogeuza kitambaa, ikaenda tena. Nikaanza kupuliza juu yake. Wimbo ndio huo. Wa besi anaiga mguu wako, na wala hakujui.

Umeomba maneno. Mimi maneno yananishinda, Sindano. Nikisema "nakupenda" najisikia kama naisoma kwenye kadi. Lakini nikipuliza siwezi kukudanganya, kwa sababu pumzi ni yangu.

Na ninakukumbuka saa kumi kasoro dakika tano, kila siku, wakati nalainisha mdomoni ulimi wa saksafoni, kile kibanzi chembamba cha mwanzi. Uliniuliza saa, nimekupa saa.

Mumeo,
Kobe


8 Machi

Kobe wangu,

Nimekutii. Siku nne, chombo kimoja kimoja. Wa besi sikumpata kabisa mpaka nilipoweka kiganja juu ya redio, nikamhisi kwa mkono kabla ya kumsikia kwa sikio. Baada ya hapo hakunitoroka tena. Mama anamwita "yule anayetembea ndani ya viatu vikubwa". Siku hizi akikoroga uji anamfuata kwa mwiko, ananiambia hafuati mtu, anakoroga uji tu.

Nikuambie nilichogundua, nawe uniambie kama nimepatia. Fundi mchanga anachora kitambaa chote kwa chaki ndipo akate. Mimi nikishampima mtu, natazama kitambaa, nakata. Hakuna chaki. Wateja wanaogopa, wanafumba macho. Lakini sikati ovyo, kipimo ninacho kichwani, ndiyo sababu mkasi unaweza kwenda unakotaka. Nyinyi ndicho mnachofanya! Mnakata bila chaki. Ningejua hivyo tangu zamani nisingekuwa nakuuliza kwa nini leo hujaupiga kama jana.

Wewe nilikuacha wa mwisho kama ulivyosema. Wimbo wa tatu ulipoanza nilikuwa nimeshika shati la mtu, nikaliweka chini. Mguu wangu nimeujua. Hata pale ninapogeuza kitambaa nimepajua. Na wewe, Kobe! Piano inakuita, besi inakuita, mapigo yanafika, mlango uko wazi, na wewe hujaingia. Unaingia baadaye kidogo, taratibu, kama mtu asiyejua kwamba anangojwa. Nikacheka mpaka Mama akaja kuuliza. Siku ya ndoa yetu ulifanya hivyo hivyo. Watu wote wamekaa, mimi nimeshika maua yananyauka, baba yangu ameanza kutazama mlango kwa jicho baya, ndipo ukatokea unafunga kifungo cha shati. Nikadhani ni uzembe. Kumbe ni muziki!

Mama amenikumbusha usemi wake: kawia ufike.

Baada ya kucheka nililia, sikufichi. Nilirudisha kanda nyuma, nikakusikia ukivuta pumzi kabla ya kuingia. Kila fundi ana mkono wake. Nipe suruali kumi nikuambie ipi kashona nani. Sasa nimejua na pumzi ina mwenyewe.

Niletee kanda nyingine, hii nimeisugua mpaka inakwaruza. Na jambo kubwa: sare za shule ninazoshona zitakwisha mwezi wa Juni. Nikishazipeleka nitafunga safari nije. Nataka meza ya mbele kabisa hapo ukumbini. Sitasoma gazeti.

Mkeo anayehesabu siku,
Sindano


2 Aprili

Mke wangu,

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi zimekuwa nyingi.

Kanda ya pili hii hapa. Imerekodiwa vizuri kuliko ya kwanza. Wimbo wako ni wa kwanza upande wa pili.

Kuhusu Juni, naona usijisumbue. Hoteli inapakwa rangi, ukumbi utakuwa na ngazi na ndoo kila mahali, na harufu ya rangi itakuumiza kichwa. Labda mwisho wa mwaka. Mama naye umwachie nani?

Ulivyoeleza mkasi na chaki, nimewasomea wenzangu. Wa piano amesema ukija atakupa kiti chake.

Sajenti anakusalimu. Msalimie sana Mama.

Kobe


20 Aprili

Kobe,

Ukipenda salamu nitakupa mwishoni.

Kanda nimeipata Jumatano. Nimeiweka nikiwa na wateja wawili dukani, wote wameisifu. Mmoja ameuliza inauzwa wapi. Mama amekaa kitako, amesikiliza wimbo wa cherehani mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu sasa amekua. Zamani alikuwa anajikokota."

Ni kweli hajikokoti. Besi inaita, naye yupo. Piano inafungua mlango, naye mguu uko ndani tayari. Safi, kila noti imenyooka kama mshono wa kanzu. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikaacha kushona. Mara ya tatu nikapeleka redio chumbani, nikafunga mlango.

Nani huyu?

Mimi nimeolewa na mtu ambaye hajafika mahali kwa wakati tangu nimjue. Huyu anafika kwa wakati kila mara, upande wa kwanza wote na wa pili wote. Pumzi yake ni fupi, ya haraka, kama mtu anayejiandaa kuitwa jina. Pumzi yako naijua, nimelala kando yake miaka tisa. Uliniambia mwenyewe kwamba ukipuliza huwezi kunidanganya. Sasa umetafuta wa kukudanganyia?

Nimewaza yote. Umeuza saksafoni. Umefukuzwa kazi. Umefungwa. Umepata nyumba nyingine, na mwenye nyumba hiyo ana masikio kuliko mimi. Hoteli gani inayopakwa rangi kuanzia Aprili mpaka mwisho wa mwaka? Ni hoteli au ni meli?

Mama sijamwambia. Namwacha afurahie maendeleo ya mwanawe.

Ulinifundisha kusikiliza, Kobe. Usinikasirikie kwamba nimesikia. Nijibu kwa maneno, hata mabaya.

Sindano


12 Mei

Kobe,

Wiki tatu. Mtu wa posta akipita sasa ananipungia mkono kutoka mbali ili nisimkimbilie bure.

Hasira imeisha. Nilikuwa nayo nyingi, nikashonea sare arobaini. Sasa imebaki kukukosa tu, na hiyo haishoneki. Kiti chako cha pembeni nilikuwa naweka vitambaa juu yake, leo nimeviondoa. Nikigeuza kitambaa na cherehani ikasimama, nasikia pale ambapo ungeingia. Nangoja kidogo. Halafu naendelea.

Kama umenichoka, sema. Kama umeumwa, sema. Ninachoshindwa kukibeba ni huu ukimya, kwa sababu sijui ni wa mtu anayevuta pumzi au wa mtu aliyeondoka.

Sindano


15 Mei

Kwako Shemeji,

Baada ya salamu, jina langu ni Sajenti mstaafu, jirani wa mumeo, chumba namba saba. Naandika barua hii saa mbili asubuhi, mumeo akiwa kazini, bila ruhusa yake. Nitamwarifu leo jioni kwamba nimeiandika.

Jambo la kwanza. Mumeo yu hai. Anakula. Hajafungwa, hajauza chombo, na hana mwanamke. Nakaa naye ukuta kwa ukuta, ningejua.

Jambo la pili. Aliyepuliza kwenye kanda ya pili ni mimi. Aliniomba, nikakubali, na kosa la kukubali ni langu. Sababu ya kuniomba siwezi kuitaja kwa kuwa niliapa. Atakueleza yeye. Nimempa mpaka Jumapili.

Jambo la tatu linaniuma, na sikuapa kulificha. Tulifanya mazoezi siku sita katika chumba changu. Mumeo alikaa kitandani akinionyesha kwa mguu mahali pa kuingia. Kila nilipoingia alisema, "Mapema mno, Sajenti. Mngoje." Nikamuuliza, nimngoje nani? Akasema, "Anageuza kitambaa." Mimi nimetumikia bendi ya jeshi miaka ishirini na sita, Shemeji. Tulipuliza, watu wakanyanyua miguu. Ukichelewa, mguu wa mtu unabaki hewani, na wewe unalala mahabusu. Siku ya sita alisema basi, inatosha, hatatambua. Mimi nilijua utatambua. Mtu asingeandikiwa wimbo wa kungojwa namna ile kama si msikilizaji.

Aliposoma barua yako ya mwezi uliopita aliikunja, akacheka, halafu akatoka akakaa kwenye ngazi. Hakwenda kula. Ilikuwa mara ya kwanza nimgongee saa sita asiitikie.

Nisamehe kwa kupuliza vizuri.

Wako mtiifu,
Sajenti (mstaafu)


21 Mei

Sindano,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili ninayo. Sajenti ameniambia alichofanya, tena amesimama wima kama anasomewa mashtaka.

Siku kumi baada ya kukuandikia ile barua ya Februari, niliamka asubuhi nikaenda kupiga mswaki, maji yakanitoka pembeni ya mdomo. Nikatazama kwenye kioo. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umelala. Jicho halifungi, shavu limeshuka, mdomo umekwenda kushoto. Daktari amesema ni mshipa wa uso umepooza. Si kiharusi, na hakuna aliyenifanyia kitu. Unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu, unaweza kukaa hivyo. Nakwenda kukandwa na kufanya mazoezi ya uso kila Jumanne. Nakaa mbele ya mama wa watu anayenikanda, natunisha mashavu kama mtoto anayezima mishumaa, na pumzi inatoroka.

Saksafoni inataka midomo iizunguke kama kamba ya mfuko. Yangu haifungi. Barua yako ya mkasi na chaki ilinikuta tayari niko hivi. Niliisoma ile sehemu ya kucheka, nikacheka, nusu ya uso ikakataa.

Hotelini hawajanifukuza. Nabeba spika, napanga viti, Sajenti anapuliza mahali pangu. Watu wa chai hawajagundua tofauti. Wewe peke yako, na uko mbali kiasi hicho.

Kwa nini nilificha? Nilipoondoka nilikuambia nitarudi nikiwa na jambo la kuonyesha. Na wewe ndiyo kwanza ulikuwa umenisikia. Miaka tisa nimepuliza pembeni ya cherehani yako, ukawa unasema punguza, nahesabu sentimita. Sasa umenisikia, umelia, umeomba kanda nyingine, na mimi sina mdomo. Nikaona aibu kuliko kama ningeiba.

Usije Juni. Sitaki unikute nimebeba viti na uso huu. Nami sitarudi mpaka midomo irudi. Nirudi na nini, Sindano? Maneno unajua sina. Kilichobaki kilikuwa pumzi.

Nimekukosa mpaka naona haya kuandika.

Kobe


2 Juni

Mume wangu,

Ndani ya bahasha hii kuna kanda. Usiisikilize kabla hujamaliza kusoma, maana nakujua, utaanza na muziki na barua utaisahau.

Kwanza nimelia, basi. Pili nimekutukana, kwa sauti, mbele ya kiti chako. Tatu nimemwambia Mama kila kitu. Amesema, "Kumbe yule hodari si mwanangu. Nilishangaa." Tangu hapo hataki kuisikia kanda ya pili. Ameuliza ile ya kujikokota iko wapi.

Sasa nisikilize wewe, zamu yangu. Mimi sikuolewa na saksafoni. Baba yangu alipouliza huyu kijana ana nini, sikumjibu ana mdomo mzuri. Unauliza urudi na nini. Urudi na miguu! Urudi na hiyo nusu inayocheka, na hiyo inayokataa nitakaa nayo taratibu mpaka ikubali, na ikigoma nitaizoea kama nilivyozoea kuchelewa kwako. Umekaa miezi mitatu unatunisha mashavu mbele ya mama wa watu, wakati mimi nipo!

Sajenti mwambie nimemsamehe kwa kupuliza vizuri. Mwambie pia asijaribu tena.

Kuhusu kanda. Nimerekodi Jumapili, Mama ameshika kitufe. Utasikia kiti kinasogezwa, halafu cherehani. Ni pindo la pazia, lile lile. Mwiko unaogonga sufuria ni Mama, na safari hii amekubali kwamba anamfuata mtu. Hakuna maneno. Nimepiga wimbo wetu mwanzo mpaka mwisho kwa mguu wangu, na nilipofika zamu yako, nilipogeuza kitambaa, nimepaacha wazi. Sikupajaza kwa kitu. Mama alitaka kuimba hapo, nikamkataza kwa jicho. Sikiliza ni parefu namna gani. Sikiliza tunavyotunza nyumba, hakuna aliyeondoka.

Ulinifundisha wewe kwamba kunyamaza nako ni kupiga, mradi uwe ndani ya wimbo. Hukuniambia kwa maneno, nimelisikia. Basi njoo unyamaze hapa. Kaa kwenye kiti chako cha pembeni bila saksafoni, unyamaze zamu yako yote. Huko unakonyamaza sikusikii.

Njoo. Ukichelewa nitajua ni wewe.

Mkeo,
Sindano


11 Juni

Sindano,

Nimesikiliza. Sajenti alikuwepo, alivua kofia.

Nafika Jumamosi tarehe ishirini, basi la saa sita mchana.

Kobe


*(Karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa pini nne)*

Jumatatu, 22 Juni, saa nne asubuhi

Kobe,

Ulisema Jumamosi saa sita. Jumamosi nilisimama kituoni mpaka basi la mwisho la jioni. Jana nimesimama tena, mpaka muuza magazeti akanipa kigoda chake. Leo siwezi, shule wanangoja sare zao na nimewaahidi kabla ya saa sita. Nimepata mkokoteni.

Mama anasema kawia ufike. Mimi nasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Niliandika kwamba ukichelewa nitajua ni wewe, na Jumamosi nilicheka kweli, peke yangu, pale kituoni. Jana nilicheka kidogo. Leo sicheki. Kuna kuchelewa na kuna kutokuja, na mwanzoni vinafanana, Kobe. Siwezi kuvitofautisha mpaka nisikie pumzi.

Kama ni kuchelewa: ufunguo anao Mama, yuko ndani, gonga kwa nguvu. Maji ya kuoga yako kwenye ndoo ya bluu. Kiti chako hakina kitu juu yake.

Sindano

*(Chini ya karatasi hiyo hiyo, kwa mwandiko mwingine)*

Sindano,

Basi liliharibika njiani, tukalala kwenye viti siku mbili tukingoja kifaa. Sikuwa na namna ya kukuambia.

Mama amenifungulia. Amenishika kidevu, amenigeuza uso kulia, amenigeuza kushoto, kama wewe unavyotazama kitambaa. Akasema, "Umechelewa." Kisha akaenda kuchemsha chai.

Sikuweza kukaa. Nimekwenda huko shuleni nikusaidie kurudisha mkokoteni. Kama unasoma hapa, basi tumepishana njiani. Usitoke tena kunitafuta. Kaa kwenye cherehani, uanze. Saksafoni iko kitandani, na mimi niko nyuma kidogo.

Kobe